Diski za Msasa za Mashine ya Duara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu diski zinazobandikwa chini ya ile mashine ndogo ya msasa yenye pedi ya duara, unayoishika kwa kiganja na kuitembeza juu ya meza, mlango au kabati. Waliokusudiwa hasa ni mafundi wa fanicha, ila hata mwenye nyumba anayetaka kuurudishia mlango wake wa mninga sura ya zamani atapata chake humu.

Mashine yangu ni ya kampuni yenye jina. Diski si nichukue yoyote tu?

Mashine haigusi ubao. Zinazogusa ni chembe zilizogandishwa kwenye diski, na hapo ndipo kazi inapoharibikia au kutengemaa.

Tazama mashine inavyofanya kazi. Pedi inazunguka, na wakati huohuo inayumba pembeni ya kitovu chake. Kwa mashine nyingi za kawaida myumbo huo ni kati ya milimita 2 na 3; zile za kazi nzito hufika milimita 5 au zaidi. Miendo hiyo miwili ikichanganyika, chembe hairudii njia iliyopita, kwa hiyo mikwaruzo inapishana ovyo na jicho haliioni. Ndiyo maana ukiwa na mashine hii unaweza kupita hata pale mbao mbili zilipoungana kwa nyuzi zinazopishana, jambo ambalo kwa msasa wa mkono lingeacha alama.

Lakini mpango wote huo unategemea chembe ziwe na ukubwa mmoja. Kwenye diski ya P180 (kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo) ikiwemo chembe moja ya ukubwa wa P80, chembe hiyo itachora vijiduara vyake kutoka mwanzo wa meza hadi mwisho, na hutaviona mpaka vanishi iingie. Ni kama kokoto kwenye wali: hata sahani nzima ikiwa safi, jino litalipata lile moja. Mashine ya bei ya kati yenye diski nzuri hushinda mashine ya gharama yenye diski mbovu, kila siku.

Ninunue ukubwa gani?

Ukubwa wa pedi yako, basi. Za milimita 125 ndizo zilizoenea na ndizo rahisi kupata. Ukiona imeandikwa inchi 5, ni hizohizo. Za milimita 150, yaani inchi 6, zinafaa kwa meza kubwa, milango na kazi za magari. Baadhi ya mashine za Makita zimeandikwa pedi ya milimita 123, na diski za 125 zinakaa humo bila shida.

Usibandike diski ya 150 kwenye pedi ya 125 ukidhani utamaliza haraka. Ukingo usioshikwa na pedi hupepea, huchanika, na kabla ya kuchanika hukata kona za kazi yako.

Matundu ni ya nini, na yasipolingana na ya pedi inakuwaje?

Ni njia ya vumbi kwenda kwenye mfuko au kwenye vakyumu, yaani mashine ya kufyonza vumbi. Pedi za 125 mara nyingi zina matundu 8, za kizamani 5. Za 150 zina 6 au zaidi, kutegemea kampuni. Hesabu ya kwako kabla ya kutoka nyumbani, au piga picha ya pedi uende nayo dukani. Maelezo ya maneno huleta diski isiyo yako.

Yasipolingana mashine itafanya kazi, ila vumbi litabaki chini ya diski. Vumbi hilo hupata moto, hukandamizwa na kuwa vidonge vigumu, na vidonge hivyo ndivyo vinavyokwaruza. Diski nzuri ikiwekwa kwenye matundu yasiyoelekeana inafanya kazi kama diski mbovu. Baadhi ya kampuni hutoa diski za matundu mengi madogo yaliyotawanyika ili zikubaliane na pedi za aina mbalimbali. Hizo ni suluhisho zuri kwa karakana yenye mashine mbili tatu tofauti.

Namba 120 na P120 ni kitu kimoja?

Kwenye namba za chini, karibu. Kwenye namba za juu, hapana, na wengi huumia hapo bila kujua.

Herufi P inamaanisha kwamba chembe zimepimwa kwa vipimo vya FEPA, shirikisho la watengenezaji wa misasa wa Ulaya, ambavyo ndivyo vilivyo pia kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 6344. Namba isiyo na P, kwenye diski ya kiwanda cha Marekani, hufuata vipimo vya kwao vinavyoitwa CAMI. Chukua ukubwa wa wastani wa chembe: P80 ni kama mikroni 200 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), P120 ni 125, P180 ni 82, P240 ni kama 58, P320 ni 46, P400 ni 35. Sasa 320 ya Kimarekani ni kama mikroni 36, yaani iko karibu kabisa na P400. Na 400 yao ni kama mikroni 23, karibu na P800. Kwa hiyo fundi anayetoka P240 kwenda 320 isiyo na P ameruka hatua nzima. Anabaki anasugua mikwaruzo ambayo diski hiyo haina nguvu ya kuiondoa, kisha analaumu mbao.

Kuna kundi la tatu, nalo ndilo lililojaa mitaani: namba isiyo na P, isiyo na jina la kiwanda, wala nchi. Namba hiyo haikupimwa kwa kiwango chochote unachoweza kukifuatilia. Inaweza kutosha kwa kuondoa rangi kwenye geti. Kwa mwisho wa kazi ya fanicha usiikaribie.

Nyekundu, njano, nyeupe, bluu. Rangi inaniambia nini?

Karibu hakuna. Kila kiwanda kinapaka rangi inayokipendeza, na wanaoiga huiga rangi kwanza. Uliza madini.

Oksidi ya alumini ndiyo ya kila siku kwa mbao. Ina uimara wa kutosha, bei yake inavumilika, na inapatikana kuanzia namba za chini hadi za juu. Ukiwa na pesa ya aina moja tu, chukua hii.

Chembe za seramiki zinatokana na alumini pia lakini zimetengenezwa kwa njia nyingine, kiasi kwamba zikibanwa hukatika vipande vidogo na kutoa makali mapya. Zinadumu sana kwenye mbao ngumu na kwenye namba za chini, kuanzia P40 hadi P120. Kwenye namba za juu, ambako hukandamizi kitu, faida yake hupungua na mimi sioni sababu ya kuilipia.

Silikoni kabaidi ni kali kuliko zote mbili ila hukatika upesi. Inafaa juu ya vanishi na laka iliyokauka, juu ya rangi, kwenye kioo na mawe. Kwenye mbao tupu itakwisha makali kabla hujamaliza upande mmoja wa mlango. Zirkonia ni ya chuma. Garneti ni ya mkono. Inatoa uso laini sana, lakini kwenye mashine haikai.

Nikiwa dukani nitaitambuaje diski nzuri?

Maduka mengi hufungua boksi na kuuza diski moja moja, kwa hiyo boksi halikusaidii. Igeuze kwanza. Nyuma, juu ya manyoya ya velkro, kile kitambaa kinachonasa kwenye vindoano vya pedi, diski ya kiwanda kinachojiheshimu huwa imeandikwa jina, namba yenye P na mara nyingi aina ya bidhaa, hata kama maandishi yamefifia au yamekatwa na matundu. Mgongo mtupu ni dalili ya kwanza mbaya.

Halafu iinue usawa wa jicho, uelekeze mlangoni kwenye mwanga, uiangalie kwa ubavu kama unavyoangalia ubao kama umepinda. Unatafuta uso uliotulia. Ukiona vichuguu vya gundi, mabaka yasiyo na chembe, au nukta zinazong'aa juu ya nyingine, rudisha.

Chukua mbili, zisuguanishe uso kwa uso mara chache juu ya karatasi nyeupe. Chembe mbili tatu zikidondoka si neno. Zikimwagika, diski hiyo itamwaga chembe zake kwenye kazi yako vilevile, na kila chembe iliyolegea inabiringika chini ya pedi ikichora. Kunja ukingo kidogo kwa vidole: gundi ya resini hukubali kukunjwa na kurudi, gundi duni hupasuka kwa mlio na kuacha ufa mweupe.

Mwisho, piga ukucha kati ya karatasi na kitambaa cha velkro pale ukingoni. Kitambaa kikianza kuachia hapo dukani, kwenye joto la kazi kitaachia chote, karatasi itaruka na kitambaa kitabaki kwenye pedi. Angalia na matundu kama yamekatwa safi na yako mahali pake, na uilaze juu ya kioo cha kaunta uone kama inalala.

Mwenye duka hatafurahi ukifanya haya kwa diski ishirini. Nunua mbili, toka nje, zijaribu, ukiridhika rudi uchukue za kutosha. Hakuna atakayenuna kwa hilo.

Karatasi nyepesi au nzito?

Uzito wa karatasi hupewa herufi, kuanzia A iliyo nyepesi hadi F iliyo nzito. Kwa mashine, namba za chini zinahitaji karatasi yenye mwili, D au E, na kwa namba za juu C hutosha. Nyepesi sana huchanika kwenye kona za mbao. Nzito sana kwenye P320 haitulii juu ya mkunjo wa fremu. Zipo pia diski za filamu ya plastiki badala ya karatasi: haziogopi maji, hazichaniki ovyo, na kwa kuwa filamu ni tambarare kuliko karatasi, chembe zake zote zinakaa kimo kimoja. Kwa kazi ya laka ya kung'aa, filamu inastahili bei yake.

Nafanya kazi na mbao zetu, mninga, mvule, mtiki, msindano. Diski moja inatosha zote?

Oksidi ya alumini itazigusa zote, lakini kila mti una ugomvi wake.

Mninga ni mpole. Haukataliani na diski, na ukianza vizuri hauhitaji namba nyingi. Tatizo lake ni vumbi linalowasha pua na kifua, nitalirudia chini.

Mvule ndio wenye mtego. Ndani yake wakati mwingine hujificha vipande vigumu vya chokaa, wanavyoviita mafundi jiwe la mvule, na hilo si jina la utani, ni kalsiamu kabonati kweli. Jiwe likiwa usoni mwa ubao litakwangua chembe zote za diski kwenye mstari mmoja. Ukihisi mashine imeruka au sauti imebadilika ghafla, zima, geuza diski, utaona ukanda uliobaki uchi. Diski hiyo usiendelee nayo hata kama sehemu nyingine bado zinauma. Kwa mvule, seramiki kwenye hatua ya kwanza inajilipa.

Mtiki una silika inayomaliza makali na mafuta yanayofunga diski. Hapa tafuta diski zenye chembe zilizoachiwa nafasi, ambazo eneo lisilo na chembe linaweza kufika nusu ya uso, na zilizopakwa stearati, ule unga mweupe unaoonekana kama diski imepitishwa kwenye chaki. Unga huo huzuia vumbi la mafuta lisigande.

Msindano na saipresi huja na utomvu, hasa kwenye macho ya mbao. Hapa pia stearati inafaa. Na msindano una pete laini na pete ngumu zikifuatana. Ukikandamiza au ukitumia pedi laini, msasa unakula zile laini na kuacha mawimbi yanayoonekana jioni taa ikiwaka pembeni. Pedi ngumu, mkono mwepesi, dakika chache.

Mbao ambayo haijakauka itaziba diski ya aina yoyote, ya Ulaya ama ya wapi. Hapo diski haina kosa.

Plaiwudi na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) iliyobandikwa veneri: tabaka la juu mara nyingi halifiki milimita moja. Anza na P150 au P180, pita mara chache, na usitulie mahali pamoja hata kidogo.

Nianzie namba gani, niishie wapi?

Anzia namba ndogo kabisa inayohitajika, si namba ndogo kabisa uliyonayo. Ubao uliotoka kwenye randa ya mashine ukiwa safi unaweza kuanza na P100 au P120. Wenye alama za msumeno au gundi iliyomwagika, P80. P40 na P60 ni za kuondoa rangi na kusawazisha mbao zilizopishana. Ukianza na P40 bila sababu umejitengenezea kazi ya kufuta mikwaruzo ya P40.

Kisha panda bila kuruka sana: P80, P120, P180. Au P100, P150, P220. Kila diski kazi yake ni kufuta alama za ile iliyotangulia, na hatua kubwa mno huiachia kazi isiyoweza. Kama unataka uhakika, chora mistari ya penseli ovyo juu ya ubao kabla ya kila namba. Mistari ikiisha sawasawa kila mahali, umepita kila mahali. Kabla ya kubadili diski, futa vumbi kwa brashi au vakyumu, kwa sababu chembe za P80 zilizobaki juu ya ubao zitakwenda kufanya kazi chini ya P120.

Pa kuishia panategemea kinachofuata. Vanishi na laka, P180 au P220. Kama unapaka rangi ya mbao ya kuzama kwanza, ishia P150 au P180. Ukilainisha zaidi unaziba vinyweleo na rangi haiingii vya kutosha, inabaki imepauka. Mafuta yanaweza kupanda hadi P240 au P320. Rangi ya kufunika kabisa haihitaji zaidi ya P150. Sehemu ya kichwa cha ubao, pale nyuzi zilipokatwa, ipeleke namba moja juu kuliko uso, la sivyo itakunywa vanishi na kuwa nyeusi.

Nimeona watu wakipeleka mbao tupu hadi P600 kabla ya vanishi kwa kupenda ule ulaini. Ni jasho la bure.

Kwa nini nabaki na vijiduara vidogo baada ya vanishi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na sababu zake hukaa pamoja.

Diski iliyoziba inaongoza. Ukiigeuza utaona madoa meusi magumu yaliyosimama juu ya chembe. Kila doa ni kalamu. Inayofuata ni chembe zilizodondoka kwenye diski duni. Halafu kukandamiza: mashine ikilemewa, pedi huacha kuzunguka na kubaki inayumba mahali palepale, kwa hiyo mikwaruzo haipishani tena. Chora mstari mmoja wa maka peni ubavuni mwa pedi. Wakati wa kazi unapaswa kuuona ukizunguka. Ukisimama, punguza mkono. Uzito wa mashine na wa mkono uliolegea unatosha.

Mwendo nao ni kosa la wengi. Sentimita mbili hadi tatu kwa sekunde ndiyo kasi inayoiacha diski imalize kazi, na kwa mtu aliyezoea kupiga msasa wa mkono inaonekana kama uvivu. Kuwasha mashine ikiwa hewani kisha kuitua ikiwa kasi kamili huacha alama pale ilipotua. Iweke juu ya ubao, ndipo uwashe. Kuiinamisha ukingoni ili kulenga doa moja huchimba.

Kabla ya vanishi, zima taa ya juu, washa moja pembeni iliyolala karibu na usawa wa ubao, na upanguse uso kwa spiriti ya mafuta. Vijiduara vitajitokeza vikiwa bado vinaweza kuondolewa. Ukiviona baada ya koti la kwanza, unarudi nyuma kwa gharama zote.

Diski inaziba haraka. Naweza kuisafisha?

Ndiyo, kama imeziba tu na makali yapo. Kuna vipande vya mpira wa kusafishia msasa. Unaishika mashine ikizunguka na kuugusisha mpira, uchafu unahamia kwenye mpira. Soli ya kiatu ya mpira wa krepu hufanya kazi ileile. Brashi ya waya usitumie, inang'oa chembe.

Gusa chembe kwa kidole mashine ikiwa imechomolewa. Zikiwa laini kama uso wa karatasi, hapo hakuna cha kusafisha. Diski iliyokwisha makali haikati, inapasha moto. Ubao unang'aa badala ya kulainika, velkro inayeyuka, nawe unaanza kukandamiza bila kujua.

Msasa wa wavu ni mzuri kweli?

Ni mzuri, kwa sharti la vakyumu. Badala ya matundu machache, diski yote ni wavu, kama Abranet ya kampuni ya Mirka kutoka Finland, na vumbi linapita popote. Kwa pati, rangi na jipsamu ni vigumu kuushinda. Bila vakyumu faida yake kubwa inapotea na bei inabaki. Weka pedi nyembamba ya kinga katikati, kwa sababu vumbi na joto linalopita kwenye wavu hula vindoano vya pedi ya mashine.

Diski zinaruka zenyewe. Tatizo ni diski au mashine?

Bandika diski mpya kabisa. Ikikaa, za zamani zilichoka. Ikiruka, pedi imekwisha: vindoano vya ukingoni vimeyeyuka au vimelala. Pedi ni kifaa kinachochakaa na huuzwa peke yake, hufungwa kwa skrubu. Ibadili mapema, maana pedi iliyopinda hufanya hata diski nzuri ikwaruze upande mmoja. Na usiwashe mashine bila diski juu ya kitu chochote. Dakika moja inatosha kuviua vindoano.

Naweza kukata duara kutoka kwenye karatasi ya msasa na kuibandika kwa gundi?

Watu wanafanya. Karatasi ya mkono ni nyembamba, duara la mkasi haliko sawa na linatikisa mashine, na gundi inaharibu pedi ya velkro moja kwa moja. Kama pedi yako ni ile laini ya kubandikia kwa gundi, nunua diski zenye gundi yake.

Kati ya koti na koti la vanishi nitumie diski gani?

P320 au P400, silikoni kabaidi au oksidi ya alumini yenye stearati, kasi ya chini, na pedi ya sponji katikati ili diski isikate kingo. Unaondoa vumbi lililogandia na kuupa uso mkwaruzo mdogo wa kushikia koti linalofuata. Pita mara moja au mbili. Karibu na kona na ukingo acha mashine, maliza kwa mkono. Vanishi ikiwa bado inanata, subiri hadi kesho. Hakuna diski itakayokuokoa.

Diski za bei kubwa zinalipa?

Piga hesabu kwa meza. Tuseme, kwa mfano tu, diski rahisi ni shilingi 500 na nzuri ni 1,500. Kama uso wa meza unamaliza nne za rahisi na moja ya nzuri, umeshaokoa 500 kabla ya kuhesabu muda. Ongeza kubadilisha diski mara tatu zaidi, na mikwaruzo ya kurudia. Fanya jaribio hilo kwenye karakana yako kwa mbao unazotumia, kisha andika ukutani.

Kwa pesa kidogo, gawa hivi: za hatua ya mwisho, P180 na P220, ziwe nzuri bila mjadala, kwa kuwa alama zake ndizo zitakazobaki. Kwenye P60 ya kuondoa rangi unaweza kubana.

Nizihifadhije? Niko pwani.

Watengenezaji hupendekeza nyuzi 18 hadi 22 na unyevu wa asilimia 45 hadi 65, hali ambayo Tanga au Mombasa hutaipata bila kiyoyozi. Karatasi ikinywa unyevu inajikunja, na diski iliyojikunja inagusa kwa ukingo tu. Zilaze, si kuzisimamisha, ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, ubao mdogo juu yake, kila namba na kopo lake. Zisikae kwenye sakafu ya saruji wala dirishani juani. Usinunue za mwaka mzima kwa ajili ya punguzo.

Vumbi la mbao lina madhara kiasi hicho?

Ndiyo. IARC, shirika la utafiti wa saratani chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi la mbao kwenye Kundi la 1, kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hapa ni saratani ya ndani ya pua, ya mashimo ya mifupa yanayoizunguka na ya koo la nyuma ya pua. Mvule na mninga huongeza kuwasha na pumu kwa wenye miili isiyopatana nayo. Kitambaa cha kufunga mdomoni hakizuii vumbi laini, ambalo ndilo linaloshuka mapafuni. Vaa barakoa ya FFP2 au N95, na unganisha vakyumu kwenye mashine kila unapoweza. Mfuko mdogo wa mashine umwage kabla haujajaa.

Rangi ya zamani kwenye milango na madirisha ya nyumba kongwe inaweza kuwa na risasi. Usiipige msasa mkavu, hasa palipo na watoto. Ilainishe kwa dawa ya kuondolea rangi, uikwangue ikiwa na unyevu. Na vumbi la laka usiliache kwenye mfuko usiku kucha karakanani. Linaweza kupata moto lenyewe.

Naanza upya. Ninunue zipi na ngapi?

Kwa mashine ya 125 na kazi za fanicha ya mbao ngumu: P80, P120 na P180 za oksidi ya alumini zenye stearati, kumi kumi. P220 tano. P320 tano kwa ajili ya vanishi. P60 tatu tu, za dharura. Pedi moja ya akiba na pedi moja ya sponji. Ukishamaliza fanicha mbili tatu angalia kopo lipi limeisha kwanza. Kwa wengi huwa P120, na hiyo ndiyo ya kununua kwa boksi.